Chukudu: Mzigo Ukae Wapi?

Je, wajua kuwa chombo cha mbao kisicho na injini, pedali wala mnyororo hubeba kilo 400 na zaidi, karibu nusu ya shehena ya Toyota Hilux? Ni chukudu, na kwao ni Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako ilianza kuonekana miaka ya 1970, uchumi wa nchi hiyo, wakati huo Zaire, ulipokuwa ukididimia. Mji wa Goma umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009 katikati ya mzunguko wa barabara.

Mgongo wa chukudu ni mti wa mkaratusi. Magurudumu mawili ya mbao ngumu huvishwa vipande vya tairi kuukuu, na mbele hutokeza usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Msukumaji hupiga goti moja juu ya chombo, penye kipande cha mpira, na kwa mguu wa pili anasukuma ardhi. Fundi huimaliza kwa siku moja hadi tatu. Wageni hustaajabia useremala huo, lakini kwangu mimi elimu kubwa zaidi imo katika kupakia.

Wapo wanaofunga nyumba ndogo ya safari mgongoni mwa pikapu, hasa Marekani, na kanuni yao ya kwanza ni kwamba kitovu cha uzito wa nyumba hiyo kiangukie mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kikipita nyuma yake, mzigo unakuwa wenzo: pua ya gari inainuka, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona, yanapoteza mshiko. Chukudu inatii fizikia hiyo hiyo, ila breki yake inaongeza sharti. Breki ni kipande cha tairi kilichowekwa kwenye gurudumu la nyuma, ukikikanyaga, kinalisugua. Gurudumu la mbele halina kitu. Na kila chombo kinapopunguza mwendo, uzito hukimbilia mbele. Magunia yakirundikwa karibu na usukani, gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuburuzika tu, breki imekanyagwa na mwendo uko pale pale. Yakirudishwa nyuma mno, usukani unaanza kucheza. Nafasi iliyo salama kati ya makosa hayo mawili ni finyu, na anayeitafuta hana mizani, ana mikono na macho yake.

Kimo nacho kina neno. Viazi vilale chini, makaa yakae juu kwa kuwa ni mepesi. Ukigeuza mpangilio huo, chombo chenye magurudumu mawili tu kitalala ubavu kwenye kona ya kwanza.

Barabara inayoshuka kutoka Kibumba kuelekea Goma, ubavuni mwa volkano ya Nyiragongo, haisamehe. Kilo 400 zikiteremka kimo cha mita 300 huachia takriban megajuli 1.2 za nishati, zinazotosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji. Nishati hiyo yote lazima iishie mahali: hewani, barabarani, kwenye ekseli, na kwenye kile kipande cha tairi chini ya mguu wa mtu. Tena hiyo ndiyo njia iliyokatwa na lava Mei 2021, na mwamba wa lava hutikisa kila kilichofungwa. Magunia yakitikisika hujishindilia na kupungua kimo, kamba ya kawaida ikalegea. Ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi huyafuata na kuendelea kuyabana.

Kupanda ni hesabu nyingine. Kilimani uzito hurudi nyuma wenyewe, mbele kukawa kwepesi, kwa hiyo mzigo uliopangwa kwa ajili ya mteremko unapaswa kusogezwa kuelekea usukani kabla mlima haujaanza. Hapo goti halifai tena. Mtu hushuka, akashika usukani, na kama amepata mwenzake, huyo husukuma kwa nyuma.