Nyaya za Sopwith Camel
Yeyote atakaye kuunda, kwa kipimo cha 1/48, mfano wa Sopwith Camel, ndege ya Kiingereza iliyoingia vitani mwaka 1917, ambayo upana wa mabawa yake, mita 8.5, hapo hupungua ukawa kama sentimita 18, hana budi kutambua kwamba ustadi hasa umo katika nyaya. Katika ndege yenyewe hazikuwa pambo: baadhi zilizuia mabawa yasipinde juu angani, na nyingine ziliyabeba ndege ikiisha kutua. Basi na atoboe vitundu na kupaka rangi kabla ya kulibandika bawa la juu, kisha apitishe mshipi mwembamba wa nailoni, aukaze taratibu, autie tone la gundi. Kwani uzi uliolegea, kwa rai yangu, huharibu mfano kuliko kukosekana kwake.