Mzazi, saa ya jioni shuleni ni ya nani?

Na MWANDISHI WETU

KENGELE ya saa tisa na nusu ikilia, mwanao aliye shule ya upili huelekea wapi? Wazazi wengi wa mjini wanalijua jina la mwalimu wa hesabu, wanazijua alama za muhula uliopita, na karo iliyobaki wanaikumbuka hadi shilingi ya mwisho. Lakini waulize mtoto wao yuko katika chama gani shuleni, nao watakutazama kana kwamba umewauliza habari za mtoto wa jirani.

Kuna wengine wanaojua, ila hawafurahi. Ripoti ikiletwa nyumbani na hesabu imeteremka kutoka B hadi C, hukumu hupitishwa kabla chai haijapoa: “Kuanzia leo hiyo drama ukome!” Mtoto hunyamaza, mama hutazama chini, na mambo huishia hapo.

Mzazi mwenzangu, kabla hujatoa amri kama hiyo, hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Kwanza, fahamu kwamba muda huo una sheria yake. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaeleza kuwa masomo ya darasani katika shule ya kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, vyama na shughuli nyingine za nje ya darasa. Piga hesabu: saa moja na robo kila siku, kwa siku tano, ni saa 6 na dakika 15 kwa wiki. Muda huo haukutolewa kama peremende kwa wanafunzi watulivu. Ni sehemu ya siku ya shule.

Hata hivyo, sote twajua yanayotendeka. Mtihani ukikaribia, na wakati mwingine hata ukiwa mbali, saa hiyo humezwa na vipindi vya ziada. Mwalimu anayetaka kumaliza silabasi huingia darasani, na chama cha mdahalo hubaki kuwa jina tu kwenye ubao wa matangazo. Aghalabu sisi wazazi ndio tunaopiga makofi.

OFISI NDOGO YA WATOTO

Je, mtoto hupoteza nini saa hiyo ikichukuliwa? Chukua mfano wa chama chochote cha kawaida, kiwe cha Kiswahili, cha wanyamapori au cha wanahabari chipukizi. Kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwalimu mlezi. Tuseme kina wanachama 40, na kila mmoja hutoa Sh50 kwa muhula. Hizo ni Sh2,000. Msichana wa miaka 16 aliyechaguliwa kuwa mweka hazina atazipokea, ataziandika, ataziweka kwa mlezi, na siku moja atasimama mbele ya wenzake 39 aeleze zilivyotumika. Zikipungua Sh100, hakuna atakayemsaidia kujibu. Ni somo gani la darasani litakalomfundisha uaminifu wa fedha kwa namna hiyo?

Katibu naye hujifunza kuandika kumbukumbu za mkutano na barua rasmi, mambo ambayo mtihani wa Insha humtaka ayajue. Tofauti ni kwamba barua yake itasomwa na mwalimu mkuu wa shule nyingine, na ikiwa mbovu, mwaliko hautajibiwa.

Mwenyekiti ana kibarua kigumu zaidi. Kiranja wa shule akipuuzwa huandika majina na kuyapeleka kwa mwalimu wa zamu. Mwenyekiti wa chama hana kitabu cha majina. Waliomchagua huja kwa hiari yao, na wakichoka naye huenda kwingine. Hana budi kuwashawishi, kuwasikiliza, na mara nyingine kukubali kwamba wazo la mwanafunzi mdogo ni bora kuliko lake.

Kisha kuna kushindwa. Darasani mtoto akianguka hukunja karatasi na kuificha mkobani. Kikundi cha drama kikibanduliwa katika kaunti baada ya mazoezi ya wiki nyingi, wote huanguka pamoja, hadharani. Hurudi kwenye basi moja, na Jumatatu hukaa na mwalimu wao kujiuliza walikosea wapi. Mtoto aliyepitia hayo hatavunjika moyo upesi siku atakaponyimwa kazi ya kwanza.

MILA YA MUDA MREFU

Mambo haya si mageni kwetu. Tamasha za muziki za Kenya zimekuwepo tangu miaka ya 1920, na za drama zilianza kabla ya uhuru wa 1963. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Shule ya Upili ya Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, ameandika katika kumbukumbu zake, In the House of the Interpreter, kilichochapishwa 2012, juu ya maisha ya pale, yakiwemo maigizo ya Shakespeare.

Mwaka wa 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha Vyama vya Wanyamapori, harakati ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Zingatia kwamba walioanzisha walikuwa wanafunzi wenyewe.

Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini mwaka wa 1966, nayo ina ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mshiriki hutakiwa kuhudumia jamii, kujifunza ujuzi fulani, kufanya mazoezi ya mwili na kufunga safari ya kijasiri pamoja na wenzake. Anayelenga dhahabu huongezewa mradi wa kuishi na kufanya kazi na watu asiowazoea. Hashindani na mtu. Hushindana na uvivu wake mwenyewe.

Kwa upande wa michezo, nani asiyeijua St Patrick's, Iten? Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Lakini tusidanganyane. Si kila anayevaa viatu vya mbio atakuwa Rono. Wengi watapata afya, marafiki na nidhamu ya kuamka mapema. Hayo pia ni mavuno.

MALALAMISHI YENYE HAKI

Wazazi wenye shaka nao wana hoja zao. Kuna wanafunzi wanaojiunga na chama kwa sababu ya safari za Jumamosi tu, wakatafute marafiki wa shule jirani. Kuna vyama visivyokutana hata mara moja kwa muhula. Na kwa mtoto wa shule ya kutwa mjini, kutoka shuleni saa kumi na moja ni kuingia moja kwa moja katika msongamano wa magari, nauli ikiwa imepanda na giza likinyemelea. Mzazi wa binti ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Dawa yake ni kufuatilia. Muulize mwalimu mlezi maswali manne: Chama hukutana siku gani? Mtoto wangu ana jukumu gani? Safari ijayo ni lini, na nani atawaandamana? Gharama ni ngapi? Hili la mwisho usiliogope. Fedha ambazo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma zina fungu la shughuli hizi, kwa hivyo ukiombwa nyongeza, uliza ni ya nini.

Itazame pia kalenda. Mpira wa vikapu, magongo na mpira wa mikono huchezwa zaidi muhula wa kwanza. Kandanda, voliboli na netiboli muhula wa pili. Tamasha za drama hufikia kilele chake mwezi wa Aprili, na za muziki Agosti. Muhula wa tatu ni wa mitihani ya kitaifa, na mashindano hupumzika. Kwa hivyo hata mtahiniwa wa kidato cha nne hana haja ya kuacha kila kitu mwezi wa Januari. Apunguze, asikate.

Nawe mwanafunzi, usiwe kama nzi, kila sahani umo. Vyama viwili vinatosha: kimoja cha kukuza akili, kingine cha kunyoosha viungo. Ukikubali cheo, kifanyie kazi. Na masomo yakianza kuteleza, usingoje baba aone ripoti. Mwendee mlezi wako mwombe nafasi ya kupumua, kisha umweleze mzazi mpango wako. Ukifanya hivyo, utakuwa umeonyesha kwamba chama kimekufunza kitu.

Mambo yanabadilika. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 katika Sekondari Pevu, na mmojawapo wa mikondo yao mitatu ni wa sanaa na michezo. Lililoitwa mchezo jana limekuwa somo leo. Hata hivyo, si lazima chama kigeuke somo ndipo tukiheshimu.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Darasani twawafundisha watoto wetu kujibu maswali ya wengine. Saa ile ya jioni ndiyo wanayojifunza kujiuliza ya kwao, na kuyajibu wakiwa pamoja. Siku ya kuwatembelea shuleni ikifika, pamoja na kuuliza alama, muulize mwanao chama chake kiliamua nini katika mkutano wa mwisho. Kisha nyamaza, umsikilize.