Ufuta ukishauzwa, nani anashika hela?

Wiki hii nilipanga tuzungumzie kukausha ufuta, ila naomba mnivumilie niuweke pembeni kidogo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita.

Hapa Galula ukiuliza kwa nini watu wanapigana majumbani, wengi watakujibu ni shida, ni njaa. Sikatai, njaa inagombanisha. Lakini mimi nazunguka vitongoji hivi mwaka mzima, na ninachokiona ni kwamba Januari na Februari, chakula kikiwa kimepungua, mke na mume wako shambani pamoja na wanalalamika pamoja. Kelele zinaanza Juni. Ufuta umeshapelekwa AMCOS, mnada umefanyika, hela imeingia. Hapo ndipo unasikia fulani kalala kwa jirani na watoto.

Hebu tuufuate ufuta wenyewe. Baba anatafuta plau, analima, mara nyingi na kupanda anashiriki. Baada ya hapo nani yuko shambani? Kupunguza miche, mama. Palizi ya kwanza, mama na watoto. Palizi ya pili, mama tena, huku anakimbilia kwenye mpunga kufukuza ndege. Kukata, kufunga mabunda na kuyasimamisha wanafanya wote, kupepeta anarudi mama. Gunia likishonwa tu, linakuwa la baba. Mwanachama wa AMCOS ni yeye, na akaunti inayopokea malipo ina jina lake. Mimi mwenyewe wakati wa kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku nilikuwa nauliza, "Mkuu wa kaya nani?" na kuandika jina moja. Hakuna aliyenizuia kuuliza zaidi. Sikuuliza tu.

Sasa nieleze kosa langu. Kuna mama mmoja (mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike) nilimshawishi alime ekari moja ya peke yake. Akalima vizuri kweli, mistari imenyooka, kapalilia kwa wakati. Alipouza nikamshauri, "Hela yako weka kwenye hisa za kikundi, mama, huna haja ya kumtangazia mtu." Nilijiona nimemkomboa. Wiki chache baadaye mumewe akakuta ujumbe wa kikundi kwenye simu. Alipokuja kwangu mkono ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwiko. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana shamba, hela niliipata. Mkono ndio huu."

Kesi ilimalizwa kwa wazee, kama tulivyozoea. Nilikutana na yule mume baadaye kijiweni, akaniambia mwanamke akishika hela anageuka mwanaume ndani ya nyumba. Nikamuuliza pikipiki yake aliinunua lini. Msimu uleule, kwa hela ya ufuta wa shamba lao wote, na mkewe aliiona siku inaingia uani. Ile hatukuiita siri.

Msidhani ni Galula peke yake. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta kati ya kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wanawake 27 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafike miaka 15. Ule wa 2015/16 ulikuta 40. Imepungua, sawa, lakini 27 ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne wanaokaa kwenye mikutano yangu.

Na kumpa mama hela peke yake hakutoshi, hilo nimejifunza kwa mkono wa mtu mwingine. Mwanza walifanya utafiti unaoitwa MAISHA, matokeo yake yakatoka 2018. Walichukua vikundi 66 vya wanawake wanaokopa, zaidi ya wanawake 1,000. Nusu ya vikundi waliendelea na mikopo tu, nusu wakaongezewa vipindi 10 vya mafunzo ya mahusiano na namna ya kumaliza ugomvi. Upande uliopata mafunzo, waliopigwa na wenza wao walikuwa wachache kuliko upande wa mikopo mitupu. Pale waliofundishwa ni wanawake. Mimi nimeamua niwaite na wanaume, maana wao ndio wanaopiga.

Kwa hiyo mwaka huu, kabla ya kuvuna, nimeita wanandoa waje pamoja. Hatuandiki, tunatumia punje za maharage, punje moja siku moja ya kazi. Kila kazi ina kisahani chake. Kwenye palizi wanaume wengi wakakaa kimya wakiangalia kile kilima cha maharage. Mmoja akasema mkewe ameongeza chumvi, wakarudia kuhesabu, zikazidi. Kisha tunapanga hela kabla haijaingia: ada, mbegu, bati, za mama, za baba. Ugomvi wa hela ambayo bado iko shambani hauna nguvu sana. Watatu waliondoka wakisema nimekuja kuharibu ndoa za watu.

Wanaosema kumpiga mke ni mila nawakumbusha kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kama kupika na kulea kunahesabika, palizi mbili za ufuta je?

Aliyeumizwa aende polisi, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, achukue PF3 ya matibabu. Kama hali ni mbaya, atangulie hospitali. Mimi niambieni pia, nitamsindikiza mtu. Safari hii sitatoa ushauri wa siri.

Yule mume alikuja kikao cha pili. Alikaa nyuma karibu na mlango, maharage hakuyagusa. Watu walipotawanyika akanifuata, akauliza kiingilio cha mwanachama mpya AMCOS ni shilingi ngapi. Nikamwuliza, "Ni kwa ajili ya nani?" Akasema, "Nauliza tu." Nikamwelekeza kwa katibu.

Kukausha ufuta ni wiki ijayo, kabla vitumba havijaanza kupasuka. Turubai tafuteni mapema.