Kabla ya Kumlaumu, Tazama Masikio Yake

Katika nyumba nyingi za pwani yetu mna mume anayelaumiwa kwa kosa asilolitenda. Huulizwa neno asijibu. Huambiwa hili akajibu lile. Na jioni huipandisha sauti ya televisheni hata watoto wakashindwa kudurusu. Mke husema amepuuzwa, na ugomvi ukaanzia hapo. Iwapo bwana huyo ni fundi au kibarua wa ujenzi, yafaa masikio yake yachunguzwe kwanza.

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojipinda mfano wa konokono, chenye chembe zipatazo 15,000 zilizoota vinyweleo. Hizo ndizo ziupokeao mtikisiko wa sauti na kuupeleka ubongoni. Kelele kubwa huzichosha; ikikaririwa siku baada ya siku huziua, wala hazioti tena. Hapana dawa ya kunywa wala mafuta ya kutia yawezayo kuzirejesha.

Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, na hapo ndipo penye udanganyifu wa maradhi haya. Fundi huisikia adhana, huisikia honi ya lori, akajiona mzima. Lakini sauti ya mke na ya mtoto ni nyembamba, na herufi kama s, f na sh ni nyembamba zaidi. Aambiwapo "saa" hupata "aa" tu, akakisia "taa". Basi huitwa mkaidi.

Wataalamu wengi wa afya ya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, na 100 ni robo saa. Mashine ya kuvunjia zege huweza kupita 100, na kijana huishika kutwa nzima! Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinaruhusu hadi 90 kwa saa 8, nazo humtaka mwajiri atoe vya kukingia masikio. Lakini kibarua wa kulipwa kwa siku, akichelea kuachwa kesho, atavidai kwa nani?

Pamba na kitambaa havitoshi. Vizibo vya sponji hufinyangwa vikawa vyembamba, sikio likavutwa juu, vikaingizwa hadi ndani.

Nyumbani, mlio masikioni wakati wa usiku ni dalili. Zungumza naye uso kwa uso penye mwanga, televisheni ikiwa imezimwa, kisha mwende hospitali akapimwe usikivu. Bora iwe asubuhi baada ya siku ya mapumziko, kwani sikio lililotoka kazini huwa limechoka, na kipimo huonyesha upungufu mkubwa kuliko uliopo.