Chokea Kila Mwezi? Kapime Sukari

Hapa Pemba mtu akiota chokea hakosi kutaniwa: "Wewe, ulikuwa ukichungulia wapi?" Tunacheka, yanapita. Na kweli, chokea moja hupoa yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ninayoisemea mimi ni ile inayorudi kila mara, au kope zinazoamka nyekundu kila asubuhi, zinawasha, zina vigaga kwenye mashina ya nywele zake.

Ukingo wa ukope una vitezi vya mafuta, kama 30 hivi juu, pungufu kidogo chini. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke haraka. Yakiganda, vitundu vinaziba, bakteria wa ngozini wanapata pa kuzaliana, ukope unavimba. Kwa hiyo mwenye mba nyingi kichwani au pumu ya ngozi, mara nyingi na kope zake haziponi. Mwenye maradhi ya sukari naye huandamwa na majipu na chokea, kwa sababu sukari ikizidi kwenye damu, mwili hupigana na bakteria kwa shida. Mwenzetu mmoja wa dahalia alimaliza muhula mzima kwa miwani nyeusi na dawa za matone. Alipopimwa damu, sukari ilikuwa juu, na yeye hana habari.

Kope zikijaa zote mbili asubuhi bila ya wekundu wala maumivu, na miguu imevimba, hilo ni jambo jengine: mkojo upimwe, huenda ni figo.

Matone ya kujinunulia ndiyo yanayonikera. Mengine yana steroidi: wekundu unaondoka upesi, lakini ukiyazoea yanaweza kupandisha presha ya jicho mpaka uoni ukapotea. Bora kitambaa safi cha maji ya moto ya kuvumilika, dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, kisha safisha ukingo wa kope taratibu. Chokea usiikamue. Na wanja, jamani! Kijiti kimoja chumba kizima? Kila mtu awe na wake, na mwenye kope mbovu apumzike kwanza. (Wanja wa manga mwengine una risasi, lakini hiyo ni makala yake.)

Jicho lenyewe likiwa jekundu, likiuma au ukiona ukungu, usingoje. Nenda hospitali, iwe Chake, Wete au Mkoani, na ukishatazamwa jicho omba na kipimo cha sukari. Ni tone moja tu la damu kidoleni.