Hali za uhifadhi wa data katika modeli za ripoti

Hali ya uhifadhi wa data ni namna ambayo modeli ya ripoti hupata data zake: ama kwa kutunza nakala ya data ndani yake, ama kwa kuziacha katika hifadhidata ya asili na kuziuliza kila zinapohitajika, ama kwa kuunganisha njia zote mbili. Uchaguzi huo huamua kasi ya ripoti, upya wa takwimu zake na mzigo unaobebwa na seva.

Modeli za aina hii hutumiwa na kampuni, benki, serikali na hospitali kugeuza kumbukumbu za kila siku kuwa majedwali, chati na ramani.

Historia

Mwaka 1993 Edgar F. Codd, mwanasayansi wa kompyuta aliyezaliwa Uingereza, alieneza jina OLAP kwa ajili ya programu za kuchanganua data kwa pande nyingi. Baadaye zilitofautishwa aina tatu: MOLAP iliyotunza hesabu zilizokwisha kufanywa, ROLAP iliyouliza hifadhidata moja kwa moja, na HOLAP iliyochanganya hizo mbili. Mgawanyo huo bado unaonekana katika programu za sasa. Power BI ya Microsoft, iliyotolewa rasmi mwaka 2015, ina hali zinazoitwa Import, DirectQuery na Dual.

Aina

Kunakili (Import). Data huvutwa kutoka chanzo, hubanwa na kuwekwa katika kumbukumbu ya modeli. Kwa kuwa kila safu hutunzwa peke yake, thamani zinazojirudia, kama jina la wilaya, huchukua nafasi ndogo sana. Ripoti hujibu haraka. Kasoro yake ni kwamba nakala huchakaa: lolote linalobadilika katika chanzo halionekani hadi nakala ihuishwe.

Kuuliza moja kwa moja (DirectQuery). Modeli hutunza maelezo ya majedwali tu, si data zenyewe. Kila msomaji anapofungua chati au kubadilisha kichujio, swali hutumwa kwenye hifadhidata. Takwimu huwa mpya, na data nyingi mno zisizoweza kunakiliwa huweza kusomwa. Lakini ripoti haiwezi kuwa na kasi kuliko hifadhidata yake, na mtandao ukikatika kati ya ripoti na chanzo hakuna jibu.

Hali ya pande mbili (Dual). Jedwali hutunzwa kama nakala, lakini pia linaweza kuulizwa katika chanzo kulingana na swali. Hufaa kwa majedwali madogo ya maelezo, kama orodha ya tarehe, mikoa au bidhaa, yanayounganishwa na jedwali kubwa la matukio.

Mfano wa takwimu za afya Tanzania

Vituo vya afya nchini Tanzania huandika huduma zao katika rejesta za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Majumlisho ya kila mwezi huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, yenye asili yake katika mradi ulioanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990.

DHIS2 huonyesha vizuri tofauti ya njia hizo. Tarakimu inayoingizwa hukaa kwanza katika jedwali la kupokelea data. Chati na majedwali ya ripoti hayasomi hapo. Husoma majedwali ya uchanganuzi, ambayo ni nakala iliyopangwa upya, na kwa kawaida hutengenezwa usiku wakati watumiaji ni wachache.

Tuseme zahanati moja katika kata ya Litapunga, Wilaya ya Nsimbo, mkoani Katavi, imepata wagonjwa 41 wa malaria katika mwezi mmoja, lakini kwa makosa ikaingizwa 410. Karani akisahihisha saa nne asubuhi, fomu yake itaonyesha 41 papo hapo. Ofisa anayefungua chati mchana huohuo bado ataona 410, mpaka majedwali ya uchanganuzi yatengenezwe tena. Akiagiza dawa mseto kwa kufuata chati hiyo, ataomba mara kumi ya mahitaji. Hapo programu haijaharibika. Ofisa amesoma nakala ya jana akidhani ni ya leo.

Hata hivyo, kuuliza moja kwa moja si dawa ya kila tatizo. Mwanzoni mwa mwezi vituo vingi huingiza taarifa kwa wakati mmoja. Kama kila chati ingelazimu seva kujumlisha upya rekodi za nchi nzima, wanaoingiza data na wanaozisoma wangecheleweshana.

Namna ya kuchagua

Jambo la kwanza ni kujua uamuzi unaotegemea ripoti unaweza kungoja kwa muda gani. Taarifa ya mwezi au ya robo mwaka haipungukiwi kitu kwa nakala ya usiku uliopita. Taarifa ya kipindupindu, inayotakiwa kutolewa ndani ya saa 24, huhitaji data za papo hapo au nakala inayohuishwa mara nyingi kwa siku.

Mambo mengine ni ukubwa wa data, nguvu ya seva, idadi ya wasomaji na uthabiti wa mtandao. Usiri nao huhesabiwa: kila nakala ya data za wagonjwa ni mahali pengine panapohitaji ulinzi.

Wataalamu wengi huanza na kunakili, kisha huhamia njia nyingine pale tu ukubwa wa data au haja ya upya inapolazimu. Katika Power BI tahadhari inahitajika, kwa sababu jedwali lililogeuzwa kuwa nakala kwa kawaida halirudishwi katika hali ya kuuliza moja kwa moja.

Kwa njia yoyote inayotumia nakala, ripoti nzuri huonyesha tarehe na saa ya kuhuishwa kwa mwisho. Mstari huo mmoja humwezesha msomaji kujua kama anaangalia hali ya leo au ya jana.