Askari naye huumia moyoni, tumsikilize

Ndugu msomaji, hapa Arusha wengi wetu tuna askari katika ukoo, na Chuo cha Kijeshi cha Monduli hakiko mbali nasi. Desemba 7, 2017, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa waliposhambuliwa Semuliki, mashariki ya Kongo. Waliouawa tuliwalilia. Waliorudi hai, nani aliwauliza wanalalaje?

Mtu aliyekabiliana na kifo, mwili wake huweza kubaki katika tahadhari hata akiwa kitandani kwake. Dalili ni ndoto za kutisha, kushtuka mlango ukibamizwa, hasira za ghafla na kujitenga na watu. Zikizidi mwezi mmoja, huenda ni maradhi. Yanatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na pengine dawa.

Huu si woga wala upungufu wa imani. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitokwa na machozi alipotoa habari za kuuawa Zayd, Jaafar na Ibn Rawaha huko Mu'ta.

Wewe mke, mzazi au ndugu, usimlazimishe kusimulia vita. Muulize kwa upole, "Usingizi unakuja?" kisha nyamaza usikilize. Swala na dua ziendelee, lakini zisichelewesha hospitali. Ile ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, ni pa kuanzia. Akitamka kwamba anataka kufa, usimwache peke yake. Ondoa silaha, kamba na sumu, umpeleke siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.